Kufundisha Upishi wa Supu ya Nyanya na Nazi: Tui Linapokatika Mbele ya Darasa

Katika makala hii tunakusudia kuzungumzia somo moja tu la upishi, nalo ni lile la kupika supu ya nyanya na nazi yenye viungo vya Kihindi. Wasomaji wetu walio vyuoni na mashuleni watatuwia radhi kwa kuchagua jambo linaloonekana dogo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, supu hii hupikwa kwa vitu vinavyopatikana katika soko lolote la Pwani, tena kwa jiko moja na sufuria moja. Pili, tuliona kwa macho yetu somo hili likimshinda mwanachuo aliyekuwa hodari kuliko wenzake wengi, na tulipoitafuta sababu tulikuta kwamba kosa lilianzia kwetu sisi wakufunzi.

Yaliyotokea Buguruni

Mwanachuo huyo alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi huko Buguruni, Dar es Salaam. Wasiopafahamu wajue kwamba Buguruni ni pale ambapo Barabara ya Uhuru, itokayo katikati ya jiji, inakutana na Barabara ya Mandela iendayo upande wa bandari. Soko lake huamka kabla ya jua. Nyanya hupangwa kwa mafungu, nazi hurundikwa chini, na viungo hufungwa katika vipakiti vidogo vya kutosha mchuzi wa siku moja. Mtoto wa Darasa la Sita wa hapo aghalabu amekwisha kutumwa sokoni mara nyingi mno, hata anaitambua nazi iliyokomaa kwa kuitikisa sikioni.

Andalio la somo lilikuwa safi. Madhumuni yaliandikwa, vifaa viliorodheshwa, na muda uligawanywa sawasawa. Kila kikundi kilichanga vitu vyake: huyu nyanya, yule kitunguu, na kila kikundi nazi moja. Ilipangwa kwamba mwalimu apike kwanza mbele ya darasa kama kielelezo, kisha vikundi vifuate katika kipindi cha pili. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na nazi, alichukua ile ya kikundi cha mbele.

Alikata nyanya mbichi, akazitia katika tui lote pamoja na viungo, akafunika sufuria na kuiteleka juu ya jiko la mkaa lililokuwa likiwaka barabara. Alifuata maelezo aliyoyaandika chuoni neno kwa neno. Maelezo hayo tuliyaandika sisi, na mahali pamoja yalisema, "Punguza moto, kisha acha ichemke polepole." Tuliyaandika tukiwa mbele ya jiko la gesi la chuo, na jiko la mkaa halina kitasa cha kuzungusha. Alipofunua sufuria, madonge meupe yalikuwa yakielea juu ya maji mekundu, na juu ya yote utando wa mafuta.

"Mwalimu, limekatika," akasema mtoto mmoja.

Mwanachuo alifadhaika. Alisema, "Basi, hii imeharibika," akaitwaa sufuria, akaimwaga katika mfereji nyuma ya darasa. Hapo msichana mmoja wa kikundi cha mbele akamwambia jirani yake kwa sauti ndogo, lakini tuliisikia hata tulikokaa nyuma: "Kwetu haimwagwi."

Sisi tulikuwa na fomu ya kumpima mwalimu mkononi. Tuliandika: "Somo halikufikia lengo. Mwalimu ajiandae zaidi." Ajiandae kwa jambo gani hasa hatukuandika, kwa maana hatukulijua. Baada ya kipindi alitufuata, akauliza, "Mkufunzi, nilikosea wapi?" Tukamjibu kwamba labda nazi ilikuwa mbovu. Nazi haikuwa mbovu. Machicha yake yalikuwa bado katika ungo, meupe na yenye harufu nzuri, na yeye aliyatazama kisha akatutazama sisi.

Tulichojifunza sokoni

Siku ile ile jioni tulikwenda naye kwa bibi mmoja auzaye chakula karibu na soko. Katika ujana wake bibi huyo aliwahi kufanya kazi ya upishi kwa Wahindi huko Upanga. Tulimwamkia, akaitikia, akatusikiliza hadi mwisho huku akipepea jiko lake. Kisha akacheka.

"Wanangu," akasema, "nyanya mbichi na tui hawasalimiani. Nyanya lazima aive kwanza mpaka akali yake itulie. Halafu tui, na tui zito huja mwisho, moto ukiwa umelala. Nani kawafundisha kufunika?"

Hatukumwambia ni nani aliyefundisha. Bibi alitupikia sufuria ndogo mbele ya macho yetu, nasi tuliandika kila alichokifanya pamoja na muda wake. Upishi tunaoueleza hapa chini ni wake, isipokuwa vipimo ambavyo tulivipata baadaye kwa kurudia kupika mara kadhaa, kwa sababu yeye hupima kwa kiganja.

Supu yenyewe imetoka wapi

Kabla ya kupika, mwalimu aweza kutumia dakika tano kueleza asili ya chakula hiki, na dakika hizo hazitapotea. Katika pwani ya magharibi ya India, tangu Maharashtra na Goa hadi Kerala, minazi ni mingi na tui hutumika katika mchuzi kama kwetu. Wahindi waliokuja kuishi Afrika Mashariki walikuta nazi ikiwangojea, ingawa wengi wao walikuwa Wagujarati ambao jikoni kwao nazi haikutawala. Wakati wa ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Lakini wapishi na mayaya walivuka mipaka hiyo kila siku asubuhi na jioni, nao walirudi makwao na ujuzi wa viungo.

Jambo linalowashangaza wanafunzi kuliko yote ni kwamba nyanya yenyewe si ya Kihindi. Asili ya nyanya na ya pilipili ni bara la Amerika. Vasco da Gama alipopita Malindi mwaka 1498 akielekea Calicut, ilikuwa imepita miaka 6 tu tangu Columbus avuke Atlantiki, na hakuna Mhindi wa zama hizo aliyepata kuonja mchuzi wa nyanya. Ni Wareno waliozieneza mbegu hizo baadaye. Jira asili yake ni nchi za Mashariki ya Kati, na manjano ni ya Asia ya Kusini. Mwalimu akiwa na ramani ya dunia, awaite wanafunzi waje wenyewe kuonyesha mahali pa kila kitu kilichomo sufuriani. Nyanya za Buguruni nazo hutoka mbali kidogo, mathalani Iringa, Morogoro na Lushoto, na nazi hutoka mikoa ya Pwani na kisiwa cha Mafia.

Majina ya viungo

Hapa pana mtego ambao umewanasa walimu wengi. Mwalimu akiwaagiza wanafunzi walete "binzari", ajiandae kupokea vitu vitatu tofauti. Mmoja ataleta binzari nyembamba, yaani zile punje ndefu za kahawia ambazo wengine huziita jira, na Zanzibar huitwa uzile. Wa pili ataleta unga wa manjano. Wa tatu ataleta binzari ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko wa viungo vingi uliosagwa. Wote watatu wametii, na wote wameleta binzari. Katika shule tuliyoitaja, vikundi viwili vilikuwa na rangi mbili tofauti za supu kabla hata ya kuanza kupika.

Tunashauri kwamba siku moja kabla ya somo mwalimu aje na kila kiungo katika kisahani, wanafunzi wakinuse, wakiguse, wataje jina wanalolitumia nyumbani, na darasa likubaliane jina moja litakaloandikwa ubaoni. Asiseme kwamba jina la nyumbani ni kosa. Mtoto aliyetoka Unguja na yule aliyetoka Songea wote wana haki ya jina lao, ila kwa somo hili tu twahitaji neno moja.

Viungo vinavyohitajika kwa watu 6 ni hivi: nyanya 8 za kiasi zilizoiva sana, nazi 1 kubwa iliyokomaa, kitunguu maji 1, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama pingili ya kidole gumba, pilipili mbichi 1, au isiwepo kabisa kama kuna wasioipenda, kijiko 1 kidogo cha jira, kijiko 1 kidogo cha giligilani iliyosagwa, nusu kijiko kidogo cha haradali nyeusi, robo kijiko kidogo cha manjano, kijiko 1 cha chakula cha unga wa dengu, vijiko 2 vya chakula vya mafuta, na chumvi. Wahindi hutia pia yale majani madogo ya kijani yenye harufu kali, ambayo mti wake hupandwa uani kwa ajili ya mchuzi. Yakikosekana, supu haitaharibika. Wengine hutia kipande kidogo cha sukari guru ili kutuliza ukali wa nyanya.

Namna ya kupika

Nazi ikunwe kwa mbuzi, au kwa mashine kama ipo sokoni. Tui la kwanza likamuliwe kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu na kuwekwa kando. Hili ndilo tui zito. Machicha yaongezwe maji vikombe 3, yakamuliwe tena, na tui hili jepesi liwekwe katika chombo cha pili. Wanafunzi wawekee vyombo alama. Tumepata kuona vyombo viwili vya tui vikibadilishana mahali katika pilikapilika za darasa, na kuanzia hapo hakuna aliyejua kipi ni kipi.

Nyanya zichemshwe katika maji kidogo mpaka maganda yapasuke, zimenywe, zipondwe na kuchujwa.

Mafuta yatiwe sufuriani yapate moto. Haradali huingia kwanza. Mara itaanza kudata na kuruka, hivyo mwanafunzi anayetia awe na kifuniko mkononi na wengine wasimame mbali hatua moja. Ikituliza kelele, itiwe jira pamoja na yale majani, kisha kitunguu maji kilichokatwa vidogo. Kitunguu kikilainika, vitiwe kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili, manjano na giligilani. Vikorogwe kwa muda wa dakika moja, visiungue, kwani giligilani iliyoungua huwa chungu na hakuna dawa yake. Wagujarati huita kazi hii ya kukaanga viungo katika mafuta ya moto vaghar, na kwao ndiyo roho ya upishi.

Hapo nyanya humiminwa. Sufuria isifunikwe. Ipikwe kwa kukoroga hadi ile harufu ya ubichi iishe na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Kwa jiko la mkaa lenye moto wa kadiri, hatua hii hutuchukua kama dakika 15, nasi tunawaomba walimu wasiifupishe hata kama kengele inakaribia. Unga wa dengu ukorogwe katika tui jepesi likiwa baridi, usibaki na madonge, kisha vyote vimiminwe. Supu ichemke taratibu kwa dakika 10 huku ikikorogwa.

Sasa moto upunguzwe. Kwa jiko la mkaa, maana yake ni kutoa makaa matatu manne kwa koleo, kufunga kidirisha cha chini cha jiko, na kuyafunika makaa yaliyobaki kwa majivu. Maneno haya ndiyo yaliyokosekana katika maelezo yetu ya chuoni. Upawa mmoja wa supu ya moto uchanganywe kwanza na tui zito katika bakuli ili tui lipate joto polepole, kisha lote lirudishwe sufuriani, likikorogwa bila kuacha. Povu dogo likionekana pembeni, iepuliwe mara moja. Chumvi itiwe wakati huo. Supu hii huliwa kwa wali mweupe au chapati, au hunywewa hivyo hivyo katika kikombe.

Kwa nini tui hukatika

Hili ndilo swali ambalo mwanachuo wetu aliulizwa na darasa bila mtu kulitamka, nalo lafaa liwe kiini cha somo. Tui ni maji ambayo ndani yake mna vitone vidogo sana vya mafuta. Kila mtoto anajua kwamba maji na mafuta hayakai pamoja. Katika tui hukaa pamoja kwa sababu protini ya nazi huvizunguka vitone hivyo na kuvizuia visiungane. Protini hiyo, kama ilivyo ute wa yai, huganda ikipata joto kubwa, na hali hiyo huanza kabla maji hayajachemka, kwenye nyuzi 80 hivi za sentigredi. Asidi nayo huisaidia kuganda, na nyanya ina asidi. Joto na asidi vikikutana, protini huganda kwa madonge, vitone vya mafuta huungana na kupanda juu, na maji hubaki chini.

Mwalimu asiyaseme yote hayo mwanzoni. Achukue vikopo vinne vidogo na tui la nazi moja lililogawanywa sawa. Kikopo cha kwanza kipashwe kwa moto mdogo kikikorogwa. Cha pili kichemshwe kwa moto mkali bila kukorogwa. Cha tatu kiwekwe moto mdogo, kitiwe kijiko cha maji ya limau. Cha nne kitiwe limau kiasi hicho hicho, lakini tui lake liwe limekorogwa kwanza na unga kidogo wa dengu. Kabla ya kuteleka, kila kikundi kiandike kinachotazamia. Kikopo cha kwanza hubaki laini. Cha pili huanza kutoa mafuta na kuachana. Cha tatu hukatika upesi. Cha nne huvumilia zaidi ya cha tatu, kwa kuwa wanga uliovimba huvitenga vitone na kuvizuia visikutane. Wagujarati hutia unga wa dengu katika mchuzi wao wa mtindi kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu ajaribu kwanza nyumbani kwake kwa nazi ile ile ya soko atakayoitumia, kwani nazi hazilingani. Asitumie tui la kopo kwa jaribio hili. Mara nyingi limetiwa vitu vya kulizuia lisikatike, na darasa litaona vikopo vinne vinavyofanana.

Jaribio la pili ni la manjano, nalo ni fupi. Manjano kidogo yatiwe katika glasi ya maji, na kiasi hicho hicho katika mafuta yaliyopashwa moto. Katika maji unga huelea na kuzama, maji yakabaki hafifu. Mafuta hugeuka rangi ya dhahabu. Mwanafunzi aliyeona hivyo haulizi tena kwa nini viungo hukaangwa kabla ya maji kuingia.

Likikatika, lisimwagwe

Supu iliyokatika si sumu, wala haijaoza. Imepoteza sura tu. Mwalimu aiepue, aipoze kidogo, aikoroge kwa nguvu kwa mchapo, au aipitishe katika chujio huku akiyaponda madonge, kisha aongeze kijiko cha unga wa dengu au wa mchele uliokorogwa kwa maji baridi na kuirudisha kwenye moto mdogo. Haitarudi kuwa kama ilivyokuwa, lakini italiwa na itakuwa tamu. Na hata asipofanya lolote kati ya hayo, aipakue. Katika nyumba nyingi za watoto tunaowafundisha, nazi ni moja na jioni ni moja. Mama akikatikiwa na tui hamwagi, huwaita watoto wale. Mwalimu anayemwaga mbele yao amewafundisha jambo ambalo halikuwa katika andalio lake.

Tungependa kuongeza neno kuhusu mchango wa vyakula. Kila mara kuna mtoto ambaye hakuleta kitu, na kuna shule ambako mtoto huyo hutolewa nje kufagia uwanja wakati wenzake wakipika. Somo hili laweza kufanyika kwa nazi mbili na nyanya chache kwa darasa zima, kila kikundi kikifanya hatua moja na kuwaeleza wengine. Aliyekuja mikono mitupu apewe kazi ya kukuna nazi, ambayo ni kazi ya kwanza na supu haiwezi kuanza bila yeye. Vivyo hivyo wavulana wasipelekwe shambani kwa kisingizio kwamba upishi si wao. Wakati wa ukoloni waliopika katika nyumba za Wazungu mjini Dar es Salaam walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Kuhusu muda, vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana vinatosha, mradi nazi iwe imekunwa na mkaa umeshika kabla ya kengele ya kwanza. Majaribio ya vikopo yawe siku nyingine. Tulijaribu kuyafanya pamoja na upishi, tukamaliza wanafunzi wa zamu ya mchana wakiwa wamejaa mlangoni.

Kurudia somo

Mwanachuo wetu alilirudia somo wiki ya pili, kwa darasa lile lile. Nazi alinunua yeye. Alianza kwa kusema, "Wiki iliyopita nilikosea mara mbili. Mara ya kwanza nilipopika, mara ya pili nilipomwaga." Kisha akawauliza nani anajua tui likikatika nyumbani kwake hufanywa nini. Mikono mingi ikainuka. Tuliona kwamba katika dakika hizo watoto walizungumza kwa urefu kuliko katika vipindi vyote tulivyowahi kuhudhuria darasani humo. Yule msichana wa kikundi cha mbele alisema kwamba kwao huongezwa unga wa mchele, na mama yake humkataza mtu yeyote kufungua kinywa kuhusu sura ya mchuzi.

Supu ya siku hiyo haikukatika. Tuliifuta alama tuliyompa mwanzoni, tukaiandika upya, na katika nafasi ya maoni tukaeleza sababu. Tangu hapo tumeongeza swali moja katika fomu yetu ya kupima somo la vitendo: "Kitu kilipoharibika, mwalimu alifanya nini nacho?" Maelezo ya chuoni tumeyaandika upya pia, safari hii tukiwa tumechuchumaa mbele ya jiko la mkaa.

Kazi ya nyumbani aliyoitoa ilikuwa kumwuliza mzazi au jirani namna ya kulinda tui. Majibu yaliyoletwa yaliandikwa ubaoni yote. Mengi yalikubaliana na yale ya bibi wa sokoni: moto mdogo, kukoroga, kutofunika, tui zito mwisho. Lakini watoto watano walileta sharti ambalo sisi hatukulitaja, kwamba mwiko uzungushwe upande mmoja tu, na anayegeuza upande hukata tui. Mwanachuo hakulikataa wala hakulikubali. Alichukua vikopo viwili, akampa mtoto mmoja azungushe upande mmoja na mwingine azungushe huku na huku, moto ukiwa ule ule. Vikopo vyote viwili vilibaki laini. Mmoja wa wale watano alisema kwamba bibi yake hatakubali, akaomba apewe vikopo hivyo viwili aende navyo nyumbani.